Mlango Mdogo na Pumzi ya Mtoto

Katika njia itokayo Kilosa kwenda Mikumi kipo kijiji kiitwacho Ulaya. Mgeni akilisikia jina hilo hucheka, lakini wenyeji tumekwisha kulizoea. Tumeanza na jina hili kwa sababu habari tunayotaka kuieleza leo ina Ulaya mbili: Ulaya hii yetu, alikotoka mtoto aliyekaribia kukata roho mbele ya macho yetu, na Ulaya ile ya ng'ambo, ambako wataalamu wamekaa miaka mingi wakilichungua jambo dogo mno, lisiloonekana kwa macho, ambalo ndilo lililomfika mtoto huyo kifuani.

Ilikuwa siku ya Alkhamisi, wakati wa kiangazi. Desturi ya chuo chetu ni kwamba siku hiyo, baada ya kusoma, watoto huikunja mikeka, huikung'uta uani, kisha hufagia ndani na nje. Mtoto mmoja wa miaka tisa, hodari wa kuhifadhi, alianza kukohoa. Tukamwambia anywe maji. Punde tukasikia kifua chake kikipiga filimbi, na mabega yake yakipanda na kushuka kama ya mtu aliyetoka mbioni. Akataka kusema neno, asiweze kulimaliza.

Mzee mmoja aliyekuwa karibu akasema, "Maalim, huyu ana kitu chake. Huoni kuwa kila akija kusoma kinamwamkia?" Nasi, Mwenyezi Mungu atusamehe, tulikubali. Tulimsomea, na kumsomea mgonjwa si kosa. Lakini tuliagiza na chetezo pia, tukafunga madirisha, tukamfukiza ubani. Moshi ulipomwingia, midomo yake iligeuka rangi ikawa kama majivu.

Mjomba wake alipofika hakungoja kuuliza. Alimpakia mtoto katikati ya pikipiki, yeye nyuma akimshika, na dereva akaishika njia ya Mikumi. Sisi tukafuata kwa pikipiki nyingine, na katika safari ile kila jiwe la njiani lilikuwa likituuliza: Je, akifa huyu, mtajibu nini?

Alhamdulillahi, hakufa. Hospitalini walimpa hewa ya oksijeni na dawa ya kuvuta kwa mashine, na kabla ya adhana ya Alasiri alikuwa ameketi akiomba uji. Daktari aliyemhudumia, kijana ambaye naye alipitia chuoni utotoni mwake, alitusikiliza mpaka mwisho, nasi hatukumficha habari ya ubani. Hakutukemea. Alisema tu, "Maalim, huyu ana pumu. Vumbi la mikeka limemwanza, na moshi umemmaliza. Keti nikuonyeshe adui mwenyewe." Akachukua karatasi akachora duara, na katika ukingo wa duara akachora mlango.

Tangu siku hiyo tumemwendea mara nyingi, naye ametusomea na kutufasiria yaliyoandikwa na wataalamu. Haya yafuatayo ndiyo tuliyoyafahamu, na tumeona ni haki ya kila nyumba kuyajua.

MTO NYUMA YA TUTA

Duara lile lilikuwa chembe moja ya mwili, na mlango ule ni wa kupitishia kalsiamu. Kalsiamu ni ile asili ya chokaa iliyomo katika mifupa na meno. Mtu mzima anayo kadiri ya kilo moja mwilini mwake, na katika kila sehemu 100, sehemu 99 zimo katika mifupa na meno. Lakini ile sehemu moja iliyobaki ina kazi ya ajabu: ndiyo tarishi. Kwayo moyo hupiga, msuli hukaza, na askari wa mwili hupokea amri ya kupigana.

Je, kitu kimoja chawezaje kuwa tarishi? Watu wa Kilosa hatuhitaji mfano wa mbali. Mto Mkondoa wapita kando ya mji wetu, na baina yake na nyumba zetu lipo tuta. Mwishoni mwa mwaka 2009 na mwanzoni mwa mwaka 2010 mto ulilivunja tuta, maji yakaingia mjini, maelfu ya watu wakakosa makazi na reli ya kati ikakatika. Maji yale yale ambayo yakipita kwa kipimo hustawisha mpunga na mahindi, yalipoingia bila kipimo yalibomoa nyumba.

Basi kila chembe ya mwili ni mji ulio nyuma ya tuta. Kalsiamu iliyo nje ya chembe ni nyingi mara 10,000 hivi kuliko ile iliyo huru ndani yake, na chembe hufanya kazi usiku na mchana kuisukuma nje ili ndani pabaki patulivu. Kwa sababu ndani pametulia hivyo, mlango ukifunguliwa hata kidogo, kila kilichomo hupata habari mara moja. Kufunguka kwa mlango ndiyo amri yenyewe.

Miongoni mwa askari wa mwili kuna wale waitwao seli za masti. Makao yao ni mahali ambapo mwili hukutana na ulimwengu: katika ngozi, katika pua, na katika njia za pumzi. Kila mmoja amebeba vifuko vilivyojaa dawa kali, na mojawapo ya dawa hizo ni histamini. Adui akitambuliwa, milango hufunguka, kalsiamu huingia, na vifuko humwagwa. Hapo njia za pumzi huvimba, hujibana, na kujaa makohozi. Ikiwa adui ni wa kweli, kazi hiyo ni ulinzi. Lakini askari akidhani kuwa vumbi la mkeka ni jeshi lililovamia, humwaga silaha zake zote ndani ya kifua cha mtoto asiye na hatia. Hiyo ndiyo pumu ya namna iliyompata mtoto wetu.

WALIOUTAFUTA MLANGO

Maarifa haya hayakupatikana kwa siku moja. Mwaka 1883 tabibu wa London aliyeitwa Sydney Ringer alieleza jambo alilolikuta kwa bahati. Alikuwa akiweka moyo wa chura katika maji ya chumvi, nao ukaendelea kupiga. Kumbe msaidizi wake alikuwa ametumia maji ya bomba badala ya maji yaliyosafishwa kabisa. Yalipotumiwa maji safi, moyo ulisimama. Ringer akatafuta ni kitu gani kilichokuwamo katika maji ya bomba, akaona ni kalsiamu. Miaka michache kabla yake, mwaka 1878, Mjerumani Paul Ehrlich alikuwa amekwisha kuzipa seli za masti jina lao, kwa neno la Kijerumani la kunenepesha, maana alipoviona vifuko vile alidhani kuwa ni chembe zilizoshiba.

Ilipita miaka mingi kabla ya mambo hayo mawili kukutana. Mwaka 1986 Mmarekani James Putney alitoa rai kwamba ndani ya chembe mna ghala ndogo ya kalsiamu, na kwamba ghala hiyo ikipungua, mlango wa nje hufunguka. Ni kama mwenye nyumba ambaye haendi mtoni mpaka mtungi wake uwe mtupu. Rai hiyo ilikuwa nzuri, lakini mlango wenyewe hakuna aliyeushika.

Katika mji wa Göttingen, Ujerumani, alikuwako mtaalamu Erwin Neher, ambaye pamoja na mwenzake Bert Sakmann alipewa Tuzo ya Nobel mwaka 1991. Wao walivumbua njia ya kugusisha ncha ya kioo chembamba mno kwenye ukingo wa chembe moja na kupima umeme unaopita katika milango yake. Kwa njia hiyo, mwaka 1992, Markus Hoth na Reinhold Penner waliupima katika seli za masti ule mkondo wa kalsiamu unaoingia baada ya ghala kupungua.

Katika mji huo huo wa Göttingen alifanya utafiti kijana aliyeitwa Anant Parekh, ambaye baadaye alikuwa profesa wa fiziolojia, yaani elimu ya kazi za mwili ulio hai, katika Chuo Kikuu cha Oxford, Uingereza, kabla ya kwenda Marekani kuendelea na kazi hiyo hiyo. Swali alilolishughulikia kwa miaka mingi laweza kuelezwa hivi: ikiwa kalsiamu ni moja, na kazi zinazoamriwa nayo ni nyingi, chembe yajuaje ni kazi gani iliyoamriwa?

Jibu lililotoka katika utafiti wake latupendeza sana, kwa kuwa mkulima yeyote wa bonde la Mkondoa angaliweza kulifahamu. Ukifungua mfereji, shamba lililo mdomoni mwa mfereji hupata maji kwanza, tena mengi, kabla hayajatawanyika. Vivyo hivyo, kalsiamu inapoingia kwa mlango ule hufanya wingu dogo mdomoni pa mlango, na karibu hapo wamesimama wapokeao amri. Parekh na wenzake waliona kuwa wingu hilo dogo ndilo linaloamsha utengenezaji wa dawa za uvimbe, na kupeleka habari mpaka ndani ya kiini cha chembe; na kwamba kalsiamu ikipanda ndani ya chembe kwa njia nyingine, isipitie mlangoni hapo, habari hiyo haifiki vile vile. Basi si wingi wa maji tu unaotazamwa, bali na mahali yalipoingilia.

Tena mwaka 2018 yeye na wenzake walitangaza jambo linalotuhusu sisi wenye mikeka na magodoro. Katika vumbi la nyumba wanaishi wadudu wadogo sana, jamaa ya utitiri, ambao urefu wao ni kama theluthi moja ya milimita, na chakula chao ni mabaki ya ngozi yanayotupukutika. Wataalamu hao waliona kuwa utomvu mmoja wa wadudu hao huweza kuifungua ile milango ya seli za masti, na kuzifanya seli hizo zihame kuelekea ulipo. Tuliposomewa habari hiyo tulikaa kimya. Tulikumbuka fimbo tulizowapa watoto wakung'utie mikeka.

AMBAO MLANGO WAO HAUFUNGUKI

Huenda msomaji akasema: ikiwa mlango huu ndio unaoleta balaa, si heri ungalifungwa kabisa? Jibu lilipatikana kwa watoto wagonjwa.

Mwaka 2005 alitambuliwa yule mlinzi wa ghala anayepeleka habari kuwa ghala imepungua, wakamwita STIM1. Mwaka 2006 ukatambuliwa mlango wenyewe, wakauita Orai1, kwa jina la mabawabu wa mbinguni katika ngano za Wayunani wa kale. Sisi hatuna haja na ngano hizo, lakini twakubali kuwa jina la bawabu limepata mahali pake. Miongoni mwa waliouvumbua ni Stefan Feske na Anjana Rao pamoja na wenzao, na waliufikia kwa kuwachunguza watoto wa familia moja waliozaliwa na kinga dhaifu mno. Chembe nyeupe za damu yao zilikuwapo, lakini mlango ulikuwa na kasoro, kalsiamu haikuingia, na amri ya kupigana haikufika. Vijidudu ambavyo mtoto mwingine huvishinda kwa siku chache vilikuwa ni hatari ya kifo kwao.

Basi mlango usiofunguka ni maradhi, na mlango ufungukao ovyo ni maradhi. Uzima u katikati. Katika Surat Ar-Rahman, aya ya 7 na ya 8, Mwenyezi Mungu ametukumbusha kuwa ameweka mizani, na ametukataza kuidhulumu. Sisi tulizoea kuwafundisha watoto aya hizo kwa mfano wa muuza sukari dukani. Sasa twawaambia pia kuwa mizani imo katika kila chembe ya miili yao.

Dawa za kuifunga milango hii kwa kiasi bado wataalamu wanazichungua. Lakini hatuna udhuru wa kukaa tukingoja, kwa maana dawa za pumu zilizopo leo zinatosha kuwaokoa wengi, ikiwa zitatumiwa.

YATUPASAYO NYUMBANI

Kwanza ni habari ya majini. Sisi Waislamu twaamini kuwako kwao, kwani Qur'ani imewataja. Lakini kuamini kuwa wapo si ruhusa ya kumtwisha jini kila kikohozi. Mtume wetu (S.A.W.) alipoulizwa na mabedui kama wajitibu, aliwaamrisha wajitibu, akawafahamisha kuwa Mwenyezi Mungu hakuweka ugonjwa bila ya kuuwekea dawa. Basi msomee mtoto wako ukiwa njiani kwenda hospitali, wala usimfukize. Ubani, udi, moshi wa kuni, moshi wa sigara na moshi wa dawa ya mbu ni maadui wa kifua chenye pumu.

Pili ni habari ya dawa ya kuvuta, ambayo wengi huiita inhela. Bibi yake yule mtoto alitujia akasema, "Maalim, hilo dude mkimzoesha hataliacha tena, na siku atakayolikosa ndiyo siku ya kifo chake." Tukamjibu, "Bi mkubwa, mtu avaaye miwani, je, ni miwani iliyomharibu macho?" Akacheka, lakini tuliona hofu yake ni ya kweli, na imo katika nyumba nyingi. Daktari alitufahamisha kuwa dawa hizi ni za namna mbili. Iko ya kutuliza, inayofungua njia za pumzi wakati zilipobana. Na iko ya kuzuia, ambayo hupunguza uvimbe polepole, na hiyo huvutwa kila siku kama alivyoagiza daktari, hata mtoto akiwa anacheza na mzima. Makosa ya wengi ni kuitegemea ile ya kwanza peke yake na kuiacha ya pili mara kikohozi kikitulia. Na kwa mtoto mdogo asiyeweza kuvuta barabara, mhudumu wa afya anaweza kuonyesha namna ya kutumia chupa ya plastiki ya nusu lita kama chombo cha kuvutia dawa.

Tatu ni usafi. Dini yetu ni dini ya tahara, lakini mtoto mwenye pumu asiwe ndiye mfagiaji wala mkung'utaji. Aondoke mpaka vumbi litulie. Sakafu ifutwe kwa kitambaa kibichi. Shuka zifuliwe kwa maji ya moto kila wiki, mikeka na magodoro yaanikwe juani, na mto wa sufi wa miaka mingi usiwe ndio wa kumlaza.

Nne, maziwa na dagaa. Bibi yule yule alipoisikia habari ya kalsiamu aliuliza kama amkataze mjukuu wake vyakula hivyo. La, hasha. Mwili huipima kalsiamu ya damu kwa uangalifu mkubwa, na kikombe cha maziwa hakiendi kuifungua milango ya seli za masti. Mtoto na ale, mifupa yake inahitaji. Ila ikiwa chakula fulani chamdhuru mtoto waziwazi, daktari aambiwe.

Tano, vijana wanaofunga Ramadhani. Sura ya Al-Baqara, aya ya 184 na ya 185, imemruhusu mgonjwa kufungua na kulipa siku nyingine. Wanachuoni wa zama hizi wamekhitilafiana kama dawa ya kuvuta hufunguza au haifunguzi, na kila mtu amwulize sheikh anayemwamini. Lakini aliyeshikwa na pumu hangoji Magharibi. Avute dawa yake, na siku ya kulipa ipo.

Mwisho, zijulikane dalili za hatari. Mtoto akishindwa kumaliza sentensi moja kwa kukosa pumzi, nyama za baina ya mbavu zikididimia kila avutapo, midomo ikigeuka rangi, au dawa ya kutuliza isipomsaidia, hapo si wakati wa kuita wazee kushauriana. Apewe dawa yake ya kutuliza, na apelekwe hospitali saa ile ile.

Ndugu wasomaji, tumefundisha Qur'ani kwa zaidi ya miaka 30, na mara nyingi tumewasomesha watoto ile aya ya 21 ya Surat Adh-Dhaariyat, inayotuelekeza tuzitazame dalili zilizomo katika nafsi zetu. Tuliisoma kwa tajwidi nzuri. Lakini siku ile, dalili ilipokuwa mbele yetu ikihema, hatukuitazama. Tulikwenda kutafuta chetezo.

Mtoto yule amerudi chuoni, na dawa yake imo katika mfuko wa juzuu. Siku ya Alkhamisi, wenziwe wanapofagia, yeye huketi mbali chini ya mwembe akiwasomesha wadogo alifu na be, na sauti yake hutufikia ndani, herufi moja baada ya nyingine, wala haikatiki. Chetezo tumekirudisha kwa mwenyewe. Mwenyezi Mungu atusamehe tulipokosa, awaponye wagonjwa wetu, na atupe macho ya kuona ishara zake zilizo kubwa na zilizo ndogo. Amin.